Nilivaa saa janja mbili kwa wiki sita: mazoezi, usingizi na masasisho

Mwendo wa Alfajiri (mleta uzi)

Wakuu, anayeuliza saa janja ipi ni bora hupewa majibu ya aina mbili: mmoja humtajia ile aliyonunua yeye mwenyewe, mwingine humwekea jedwali refu la vipengele, naye huondoka amechanganyikiwa kuliko alivyokuja. Nimeamua kulichukua suala hili kwa njia nyingine. Kwa wiki sita nimevaa saa mbili kwa wakati mmoja, moja mkono wa kushoto na nyingine mkono wa kulia, mchana na usiku, na kila nilipokimbia nilifunga pia mkanda wa kifuani unaopima mapigo ya moyo. Sitazitaja kwa majina, kwa sababu nilikuwa na moja moja tu, na kasoro ya ile niliyoishika mimi si lazima iwe kasoro ya toleo zima. Ya kushoto ni ya wale wanaotengeneza saa kama simu ndogo: skrini inayong'aa, ujumbe, malipo, programu za kupakua, na chaji kila siku. Ya kulia ni ya wale waliotokea kwenye vifaa vya michezo: vitufe vitano vya kubonyeza, skrini isiyo na mbwembwe, na chaji mara moja kwa siku kumi hivi.

Nianze na mapigo ya moyo, kwa kuwa hapo ndipo matangazo na hali halisi vinapoachana mapema. Saa ya mkononi haisikii moyo. Humulika ngozi kwa taa za kijani zilizo mgongoni mwake, kisha hupima mwanga unaorudi. Damu hunyonya mwanga wa kijani, kwa hiyo kila pigo linaposukuma damu kwenye mishipa midogo, mwanga unaorudi hupungua kidogo, na programu huhesabu mawimbi hayo. Mkanda wa kifuani husoma umeme wa moyo wenyewe. Nikiwa nimekaa, saa zote mbili zilikubaliana na mkanda au zilipishana nao kwa pigo moja au mawili, na hata nilipokimbia kwa mwendo wa taratibu saa nzima, hali ilikuwa hiyo hiyo. Siku ya vipindi ndiyo iliyonifungua macho: mita 400 mara nane, na sekunde 90 za kupumzika katikati. Katika kipindi cha tatu mkanda ulionyesha mapigo yakipanda kutoka 118 hadi 171. Saa ya kulia ilifika 165 wakati mimi nimeshasimama na kuinamia magoti. Ya kushoto ilibaki kwenye 140 na kitu, ikaruka ghafla hadi 168 katikati ya mapumziko, kisha ikawa inashuka huku mimi nikianza kukimbia tena. Mtu akiusoma mchoro ule bila kujua, atadhani nilikuwa nachoka kwa kusimama na kupumzika kwa kukimbia.

Nilichojifunza ni kwamba uvaaji una uzito kuliko bei. Niliposogeza saa ya kushoto vidole viwili juu ya mfupa wa kifundo cha mkono na kukaza mkanda wake tundu moja zaidi wakati wa mazoezi, ucheleweshaji ulipungua kwa kiasi cha kuonekana, ingawa haukwisha. Baridi nayo huharibu, kwa sababu mishipa ya ngozi hujibana na damu hupungua mkononi; wino wa tatuu huzuia mwanga; na jasho likijaa kati ya ngozi na kioo, saa huanza kuteleza. Kwa anayetembea, anayekimbia taratibu au anayetaka tu kujua kama mapigo yake ya kupumzika yanashuka kadiri miezi inavyokwenda, saa yoyote ya heshima inatosha. Anayefanya vipindi na kuchukua namba zake kwa uzito, anunue mkanda wa kifuani, kisha aache kugombana na saa.

Kuhusu kupima njia, siku hizi karibu kila saa husoma mifumo kadhaa ya setelaiti, yaani GPS ya Marekani, GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China, na wingi huo husaidia. Kinachotofautisha saa ni kama inapokea masafa mawili ya mawimbi ya redio au mamoja. Masafa ya kawaida ni ya megahezi 1575.42, ya pili, yajulikanayo kama L5, ni ya megahezi 1176.45, na faida yake ni kuiwezesha saa kutambua mawimbi yaliyogonga ukuta kabla ya kuifikia. Penye anga wazi sikuona tofauti yoyote. Kati ya majengo marefu, ya kushoto, yenye masafa mamoja, ilinichora nikipita ndani ya kuta kama mzimu, wakati ya kulia ilibaki barabarani. Gharama yake ni betri: Coros Pace 3, kwa mfano, imetangazwa kudumu saa 38 kwa GPS ya kawaida, lakini ukiwasha masafa mawili hubaki saa 15. Na kabla mtu hajalalamika kwamba saa yake ilimwonyesha kilomita 42.6 kwenye maratoni ya kilomita 42.195, akumbuke kwamba njia ya mashindano hupimwa kwa mstari mfupi kuliko yote unaoweza kukimbiwa, na hakuna anayekata kila kona kwa usahihi huo.

Usingizi na masasisho nitayaleta kwa awamu, maana hayo ndiyo yaliyonifanya niandike.

Kanyagio

Mkuu, hapo kwenye mapigo kuna jambo moja umeliacha. Niliwahi kufurahi kwa miezi mizima kwamba moyo wangu hupiga 176 kila ninapokimbia kilomita tano, bila kupanda wala kushuka, hadi siku nilipohesabu hatua zangu: zilikuwa 176 kwa dakika. Saa ilikuwa imeshika mdundo wa miguu badala ya mdundo wa moyo, kwa sababu mkono unaotikisika huleta mawimbi yenye nguvu kuliko yale ya damu, na programu huchagua wimbi lililo wazi zaidi. Kwenye baiskeli mkasa ni mwingine. Kifundo kimekunjwa, usukani unatetemeka, misuli ya mkono imebana, na namba huwa ya chini mno hata pale ambapo mimi nahema kama mvukuto wa mhunzi. Wanyanyua vyuma nao wana shida hiyo hiyo ya kubana mkono.

Ningependa pia utueleze kuhusu ile namba ya uwezo wa kutumia oksijeni, VO2max, ambayo kila saa sasa huitoa. Rafiki yangu ana 52 kwenye saa yake, mimi nina 44 kwenye yangu, na huwa ananishinda kwa sekunde chache tu.

Mwendo wa Alfajiri (mleta uzi)

Ndugu Kanyagio, kisa cha 176 nimekicheka kwa sababu nami kimenikuta, ingawa kwangu kilidumu dakika kumi tu. Yeyote anayeona mstari wa mapigo ulionyooka kama uzi kwenye mbio zenye vilima, ahesabu hatua zake kabla ya kujipongeza.

Ile namba ya VO2max haipimwi na saa bali hukisiwa. Maabara hupima hewa unayovuta na kutoa ukiwa umevaa barakoa, ukikimbia hadi ushindwe. Saa huangalia kasi yako na mapigo yako, kisha huuliza: je, mtu anayekwenda kasi hii kwa asilimia hii ya mapigo yake ya juu kabisa ana uwezo gani? Ugonjwa uko kwenye hayo mapigo ya juu kabisa. Usipoyaweka mwenyewe, saa nyingi huanza na kanuni ya 220 ukitoa umri wako, ambayo kwa mtu mmoja mmoja inaweza kukosea kwa mapigo kumi au zaidi kwa urahisi. Mimi, kwa umri wangu, kanuni inanipa 179, lakini mkanda umeshanionyesha 191. Nilipobadilisha namba hiyo kwenye mipangilio ya saa ya kulia, VO2max yangu ilipanda kwa alama nne ndani ya wiki moja na nusu, nami sikuwa nimeongeza hata zoezi moja. Kwa hiyo 52 ya rafiki yako na 44 yako haziko kwenye mizani moja. Angalia kama 44 yako ya leo ilikuwa 41 mwanzoni mwa mwaka, basi.

Zamu ya Usiku

Mleta uzi, nasubiri sehemu ya usingizi kwa hamu, lakini naomba usitusahau sisi tunaolala mchana. Mimi hufanya kazi usiku siku nne kwa wiki na kulala kuanzia saa tatu asubuhi. Saa yangu ya kwanza iliamini kwamba usingizi wa mchana ni lepe tu la kupitisha muda, ikanipa alama za huruma kila siku na kunishauri nipumzike, kana kwamba sikuwa nimetoka kulala saa saba mfululizo. Kabla ya kununua ya pili niliuliza swali moja tu: je, ratiba ya kulala inaweza kuwekwa tofauti kwa kila siku ya wiki, na je, usingizi unaoanza asubuhi utahesabiwa kuwa usingizi mkuu? Muuzaji alinitazama kama niliyeuliza bei ya mvua.

Mwendo wa Alfajiri (mleta uzi)

Dada au kaka Zamu ya Usiku, swali lako ni zuri kuliko mengi yaliyomo kwenye majedwali, na nitalirudia hapa chini.

Usingizi halisi hupimwa hospitalini kwa waya zinazobandikwa kichwani kusoma umeme wa ubongo, nyingine pembeni ya macho kusoma mizunguko yake, na nyingine kidevuni kusoma ulegevu wa misuli. Mtaalamu huugawa usiku katika vipande vya sekunde 30 na kuamua kila kipande ni usingizi mwepesi, mzito, au ule wa ndoto ambao macho huzunguka kwa kasi. Saa haina hata moja kati ya waya hizo. Ina kihisi cha mtikisiko na zile taa zake, na kutokana na utulivu wa mkono, kasi ya mapigo na jinsi mapigo yanavyopishana, hukisia hatua uliyopo. Inajua vizuri kwamba umelala. Isichokijua vizuri ni kwamba uko macho.

Hili nililithibitisha bila kukusudia katika wiki ya pili. Niliamka saa nane usiku na kubaki nimelala chali hadi saa tisa na dakika ishirini, sikugeuka, sikushika simu, nilikuwa napanga hesabu kichwani. Nakumbuka vizuri kwa sababu niliitazama saa ya ukutani mara mbili. Asubuhi, saa ya kulia ilisema nilikuwa na usingizi mwepesi kwa muda wote huo. Ya kushoto ilikwenda mbali zaidi, ikanipa dakika 22 za usingizi mzito ndani yake. Dakika themanini za kukodoa macho gizani zikageuzwa mapumziko. Mwenye tatizo la kukosa usingizi ndiye hasa anayelala kimya akisubiri, kwa hiyo kifaa humkosea zaidi yule anayekihitaji zaidi.

Usiku arobaini na moja niliofanikiwa kurekodi kwa saa zote mbili ulinipa picha hii. Muda wa kulala na wa kuamka ulipishana kwa dakika chache tu, na jumla ya saa za usingizi mara nyingi haikuachana kwa zaidi ya nusu saa. Lakini usingizi mzito wa usiku ule ule ulikuwa dakika 48 kushoto na dakika 95 kulia, kesho yake 61 na 57, keshokutwa 39 na 102. Haziendi hata upande mmoja. Tangu hapo mchoro wa rangi rangi wa hatua za usingizi nautazama kama ninavyotazama utabiri wa nyota, na ninachosoma ni vitu vitatu tu: nililala saa ngapi, niliamka saa ngapi, na mapigo yangu ya usiku yalikuwa juu au chini ya kawaida yangu. Hicho cha tatu ni hazina. Siku mbili kabla ya homa kunilaza katika wiki ya tano, mapigo yangu ya usiku yalipanda kutoka 51 hadi 58 kwenye saa zote mbili, nami nilikuwa bado najiona mzima.

Kuna na ile tofauti ya muda kati ya pigo na pigo, inayoandikwa HRV, ambayo watu hupenda kulinganisha wao kwa wao. Msifanye hivyo, hata kati ya saa zenu wenyewe. Apple huihesabu kwa kanuni iitwayo SDNN, nyingi nyingine hutumia RMSSD, na namba hizo mbili haziingiliani kama kilo na lita zisivyoingiliana. Saa za Garmin zenye kipengele hicho huhitaji takriban wiki tatu za kulala nazo kabla ya kukuambia kawaida yako ni ipi, na nadhani huo ni uungwana. Saa inayokupa hukumu usiku wa kwanza inakulinganisha na watu usiowajua.

Kuhusu kukatika kwa pumzi usingizini, hapa kuna hatua ya kweli. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha kipengele cha Samsung Februari 2024 na cha Apple Septemba mwaka huo huo. Cha Apple hutazama mtikisiko mdogo wa kifundo unaotokana na kupumua, na kinahitaji angalau usiku kumi ndani ya siku thelathini. Hakitoi utambuzi wa ugonjwa. Hukuambia nenda ukapimwe. Mwenye kukoroma na kuamka amechoka anaweza kuanzia hapo, mradi asichukulie kimya cha saa kuwa cheti cha afya.

Kwa anayelala mchana: ulizeni swali la Zamu ya Usiku neno kwa neno. Na jambo moja la betri. Saa inayochajiwa kila siku inapaswa kuchajiwa wakati fulani, na wengi huchaji wakiwa wamelala, ndipo wanapogundua kwamba wamenunua kipima usingizi kinacholala mezani. Apple kwa miaka mingi ilitangaza chaji ya kudumu saa 18 kwa matoleo yake ya kawaida, na kwa Series 11 ya mwaka 2025 ikafikisha 24. Garmin Forerunner 265 imetangazwa kudumu hadi siku 13. Mimi niliichaji ya kushoto nikiwa naoga na kunywa chai, na katika wiki sita niliikosa usiku mmoja tu, lakini ni nidhamu ambayo ya kulia haikunidai.

Macho Makavu

Mimi niliacha kabisa kupima usingizi, na nilikuwa na saa nzuri tu. Nilikuwa nikiamka nimechangamka, natazama alama, naona 58, basi siku nzima nachechemea. Mke wangu ndiye aliyeniambia kwamba nilianza kulala vibaya siku niliyoanza kupimwa.

Mwendo wa Alfajiri (mleta uzi)

Mzee Macho Makavu, hali hiyo watafiti wa usingizi waliipa jina mwaka 2017, othosomnia, yaani kuhangaikia usingizi kamili hadi hangaiko lenyewe liufukuze. Mkeo alitambua bila kihisi. Anayejiona anaelekea huko azime alama za asubuhi na kubakiza rekodi zenyewe. Saa nyingi huruhusu kuondoa taarifa hiyo kwenye skrini.

Sasa masasisho, na hapa nitakaa kidogo.

Katika wiki ya nne saa ya kushoto ilijisasisha usiku, ikiwa kwenye chaji. Kuanzia siku iliyofuata usingizi wangu mzito ulipanda kutoka wastani wa dakika 50 hadi 80 na zaidi, na haukushuka tena. Sikuwa nimebadilisha muda wa kulala, chakula wala mazoezi, na saa ya kulia haikuona badiliko lolote. Kilichobadilika ni kanuni ya kuhesabu. Nilimdokezea Kanyagio kwamba namba za saa hufaa kulinganishwa na namba zake zenyewe za jana; kumbe hata hilo lina sharti, kwamba kipimo cha jana na cha leo kiwe kimoja. Maelezo ya sasisho yaliandika kwa ufupi kuwa lilikuwa na maboresho na marekebisho ya hitilafu. Mchoro wangu wa wiki sita sasa una ngazi katikati, na mtu mwingine akiuona ataniuliza nilianza kutumia dawa gani.

Kwa hiyo masasisho si zawadi tu. Huongeza na huondoa. Wamiliki wa Apple Watch kuanzia Series 6 walipata alama ya usingizi kwa watchOS 26, yaani toleo la mfumo wa saa hizo, mwaka 2025 bila kununua kitu, na hilo ni jambo jema. Lakini kuanzia Januari 2024, saa za Apple zilizouzwa Marekani zilizimiwa upimaji wa oksijeni ya damu kwa sababu ya kesi ya hataza, yaani haki ya uvumbuzi, kati ya Apple na kampuni ya vifaa vya tiba ya Masimo, ingawa kihisi kilikuwa ndani. Kipengele kilirudi Agosti 2025 kwa sasisho, safari hii hesabu ikifanywa na simu. Mwishoni mwa Januari 2025 saa nyingi za Garmin za matoleo mbalimbali zilikwama kwenye pembetatu ya buluu bila kuwaka hadi zilipofanyiwa utaratibu wa kuziwasha upya. Hakuna kampuni iliyosalimika.

La pili ni muda. Google huahidi masasisho ya Pixel Watch kwa angalau miaka mitatu, lakini soma vizuri: huhesabiwa tangu toleo lilipoanza kuuzwa katika duka lake la Marekani, si tangu siku uliyolipa wewe. Ukinunua kwa bei ya punguzo baada ya miaka miwili, umenunua mwaka mmoja wa ahadi. Samsung ilitangaza mwaka 2022 hadi vizazi vinne vya mfumo, ikizijumuisha saa zake zinazotumia Wear OS, mfumo wa saa wa Google. Apple haitangazi idadi ya miaka, ila historia yake inasomeka: Series 4 ya mwaka 2018 iliachwa na watchOS 11 mwaka 2024. Na kuna Series 3, ya mwaka 2017, iliyokuwa bado dukani Juni 2022 wakati watchOS 9 ilipotangazwa bila kuijumuisha, ikaendelea kuuzwa hadi Septemba. Walioinunua miezi hiyo walinunua saa ambayo mlango wake ulikuwa umeshafungwa.

Kampuni za michezo hufuata desturi nyingine: vipengele vipya huja kwa mwaka mmoja au miwili, baada ya hapo ni marekebisho ya hitilafu tu, lakini saa yenyewe huendelea kufanya ilichofanya. Coros imejijengea sifa kwa kuwapelekea wenye saa za zamani vipengele vipya bila malipo. Garmin ilianzisha Machi 2025 usajili wa kulipia uitwao Connect+, na ingawa ilisema vipengele vilivyokuwepo vitabaki bure, wateja wengi walianza kujiuliza vipya vitawekwa upande gani wa ukuta.

Saa Kuukuu

Ndugu mleta uzi, nimekusoma kwa makini na kwa heshima nakupinga mahali pamoja. Unazungumza kana kwamba saa isiyosasishwa imekufa. Yangu haijapata sasisho kwa miaka minne. Inapima njia, inapima muda, inahesabu mizunguko uwanjani, na kila kitufe kipo pale pale nilipokizoea. Nyie mnaosasisha ndio mnaoamka na kukuta menyu imehamishwa. Mwanariadha anahitaji nini zaidi ya hapo? Tena kwa maelezo yako mwenyewe, mchoro wangu hauna ngazi katikati.

Mwendo wa Alfajiri (mleta uzi)

Mzee Saa Kuukuu, hoja yako ina nguvu, na kuhusu ngazi umenifunga mdomo. Ninachokiogopea si saa yako bali kile kilicho upande wa pili wa Bluetooth. Simu yako itasasishwa siku moja, upende usipende, na programu inayopokea mazoezi kutoka kwenye saa isipotunzwa na kampuni yake, itagoma. Kampuni ya saa janja ya Pebble ndiyo mfano. Ilikusanya zaidi ya dola milioni 10 za wachangiaji mwaka 2012, watu wakaipenda, kisha Fitbit ikanunua mali zake Desemba 2016, na ilipofika tarehe 30 Juni 2018 huduma za mtandaoni zikafungwa. Saa zilikuwa nzima mikononi mwa watu. Kilichoziokoa ni wapenzi wake, waliojenga huduma mbadala iitwayo Rebble, na Januari 2025 Google, ambayo ilikuwa imeshaimiliki Fitbit tangu 2021, ikaweka wazi msimbo wa mfumo wa Pebble.

Tena si lazima kampuni ife. Julai 2020 Garmin ilishambuliwa na wahalifu wa mtandao na huduma zake zikalala kwa siku kadhaa. Saa ziliendelea kurekodi, ila mazoezi hayakuweza kupandishwa mtandaoni. Waliopata nafuu ni wale waliojua kwamba saa hizo huhifadhi kila zoezi kama faili linaloweza kutolewa kwa waya. Nimejaribu hilo kwa ya kulia: nilichomeka waya kwenye kompyuta, nikafungua folda, nikakuta mbio zangu zote zimepangwa kwa tarehe. Ya kushoto haina mlango huo. Kila kitu hupita kwenye simu. Swali langu kwako basi ni moja: yako inatoa faili kwa waya?

Saa Kuukuu

Inatoa. Nimekwenda kuangalia sasa hivi. Sikujua kwa miaka yote hiyo.

Kanyagio

Mkuu, tuambie basi umebaki na ipi. Na ndugu yangu anataka kununua saa iliyotumika, aangalie nini?

Mwendo wa Alfajiri (mleta uzi)

Nimebaki na ya kulia pamoja na mkanda wa kifuani, kwa sababu mimi ni mkimbiaji anayelala, si mtu wa kujibu ujumbe mkononi. Angekuwa mke wangu, ambaye hutembea, hulipia vitu kwa saa na hupokea simu akiwa na mikono iliyojaa, ningemwachia ya kushoto bila kusita, na kwa hakika ndivyo nilivyofanya. Kabla ya hayo yote mwenye kuchagua atazame simu yake: Apple Watch haifanyi kazi bila iPhone, na saa za Samsung tangu Galaxy Watch4 ya mwaka 2021 zinahitaji Android. Garmin, Coros, Polar na Suunto hukubali zote mbili.

Ndugu yako aangalie kwanza mwaka ambao toleo lilitoka, maana huo ndio unaoanzisha hesabu ya masasisho. Kisha aombe saa iwashwe mbele yake, ifutwe kabisa, na aioanishe na simu yake hapo hapo kabla ya kutoa fedha. Ikidai akaunti ya mmiliki wa zamani, aiache mezani, hata kama muuzaji anaapa kwamba nenosiri litatumwa jioni. Aigeuze saa atazame mgongo wake pia: kioo cha vihisi kikiwa na mikwaruzo mizito, mapigo yatayumba hata akikaza mkanda namna gani. Kuhusu betri, arekodi matembezi ya nusu saa GPS ikiwa imewashwa na kuona chaji imeshuka kwa asilimia ngapi. Saa iliyotangazwa kudumu saa 20 za GPS inapaswa kula asilimia mbili au tatu hivi. Ikila kumi, bei ishuke.

Zamu ya Usiku, nimeijaribu ya kulia kwa ratiba yako Jumamosi iliyopita: nilikesha, nikalala saa tatu asubuhi, nikaamka saa tisa alasiri. Ilinihesabia saa tano na dakika arobaini kama usingizi mkuu, baada ya kubadilisha muda wa kulala kwenye mipangilio. Ya kushoto sijui, mke wangu hakukubali kuivua.